Rangi ya Buluu Nyuma ya Diski

Nau,

Watu huandikia baba zao wakiwa na huzuni. Mimi nakuandikia nikiwa na hasira, na nimekaa kwenye kiti chako hapa gereji Emali nikiandika, ili kama una la kusema ujue pa kunipata. Nimefunga mlango mapema. Mtu akija na gari leo arudi kesho.

Nianze na habari za nyumbani. Mvua ilinyesha Kanyangi baada ya kukuzika, ikanyesha vizuri, na ndengu za mama zimeshika. Kaburi lako lilididimia upande mmoja, tukaongeza udongo. Mama hataki tena kuja Emali. Anasema kila akisikia spana ikianguka chini anageuka kukutafuta. Hapa watu bado wanaingia, wananiona nimevaa ovaroli, halafu wananiuliza, "Fundi ako wapi?" Nimechoka kuwajibu. Siku hizi nawaonyesha shimo lililo chini ya gari na kushuka mwenyewe.

Nau, baba, uliniita mwaitu, mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yako, Mumbua. Hata mbele ya wateja uliniita hivyo, na wao wakacheka. Nikiwa mdogo ulinipandisha kwenye gari, nikakaa ukingoni mwa kiti ili mguu ufike, na wewe ukawa chini unatoa hewa kwenye breki. "Kanyaga, mwaitu. Shika hapo. Achia." Sauti yako ilitoka chini ya gari na mimi nikafuata. Tukimaliza ulinunua mandazi, ukanipa nusu kubwa, ukafuta mafuta ya mikono kwenye shati ambalo mama angelifua. Hayo sijayasahau, na yananiudhi zaidi, kwa sababu ningependa kukuchukia kwa siku chache tu na yanakuja kunizuia.

Sasa tuzungumze kuhusu Kioko.

Mwanao, kaka yangu mkubwa, aliyejifunza kazi hii miguuni pako. Unakumbuka magari yale yaliyoanza kurudi. Mtu analeta gari lenye breki mbovu, unamfanyia kazi, anaenda akishukuru, na baada ya miezi michache yuko hapa tena. Mzee Nzioka, anayeleta ndengu na mbaazi kwa pikapu yake, ndiye aliyelalamika kuliko wote. "Nikishuka mteremko ya Athi nikigusa breki, usukani inatetemeka mpaka meno yangu inagongana." Ukaifungua, ukakuta diski ya mbele imelika vibaya, nene huku na nyembamba kule. Ukaipeleka kwa mwenye leithi, ile mashine ya kuchonga chuma, ikachongwa, ikarudi sawa. Baada ya muda Mzee Nzioka akarudi na kilio kilekile. Ukaichonga tena. Chuma kile kilikuwa kinakwisha, Nau, na mtetemo haukuisha.

Ndipo ukatafuta wa kumlaumu, na Kioko ndiye aliyekuwa karibu. "Hii ni mkono ya Kioko. Anafunga nati kama mtu anafukuzwa." Kweli, nati za gurudumu zikikazwa upande mmoja kabla ya mwingine, diski inaweza kukaa vibaya. Hilo ulitufundisha wewe: unakaza moja, unaruka hadi ya upande wa pili, kidogo kidogo mpaka zote zishike. Lakini mimi nilikuwa hapo nikimwangalia. Kioko alikaza hivyohivyo. Nilikuambia, ukanituma dukani kununua sabuni.

Nilipotoka dukani nilikuta nguo zake kwenye mfuko wa sukari, nje ya mlango. Hukumpa hata spana moja. Na hukuridhika na hilo, ukaenda kanisani Jumapili, ukasimama wakati wa ushuhuda, ukawaomba waumini wamwombee mwanao mvivu anayeharibu magari ya watu. Wakaomba. Mama alikuwa kando yako ameinamisha kichwa, na mimi nilikuwa kwenye kwaya, nikaimba wimbo uliofuata. Emali ni ndogo. Tangu siku ile hakuna mwenye gari aliyetaka Kioko aliguse. Akaenda Mtito Andei, akapata kibarua cha kuziba matairi ya malori.

Hakuja kukuzika. Watu walimsema sana pale kaburini, hata wale ambao hawajawahi kumwona. Mimi pia nilikasirika naye, nikadhani moyo wake ni mgumu.

Halafu wiki iliyopita Mzee Nzioka akaja. Tangu Kioko aondoke hakuwa ameleta ile pikapu hapa, aliiendesha polepole hivyohivyo, anashuka Athi kwa gia ya kwanza kama anasindikiza maiti. Alisema amekuja kwa sababu ya heshima yako, nimwangalizie tu. Nikaweka jeki, nikatoa gurudumu, nikatoa diski. Nyuma yake, pale habu, kitovu cha gurudumu, inapokutana na diski, nikakuta rangi yako.

Ile buluu, Nau. Alama yako. Najua ilianzaje, kwa sababu uliisimulia kila wiki: fundi mmoja alivuruga kazi yako, gari likarudishwa kwako, ukaitwa mwongo. Ukaapa kwamba kila habu utakayoigusa utaiweka alama, ili ijulikane ni mkono wa nani. Kwanza ulipaka ukingoni, na mafundi wengine walipoanza kuikwangua ukaihamishia ndani, pale ambapo diski inaifunika na hakuna atakayeifikia. Kopo lile hakuna aliyeruhusiwa kulishika. Ulipaka mwenyewe, kwa kidole, rangi nzito, halafu ukafunga diski juu yake kabla haijakauka.

Kwenye habu ya Mzee Nzioka rangi ilikuwa tabaka juu ya tabaka, na upande mmoja ilikuwa imejikusanya ikawa uvimbe mgumu kama ugali uliokauka sufuriani. Nikarudisha diski kama ilivyokuwa. Nikafunga waya kwenye mkono wa kalipa inayobana pedi, ncha ya waya nikaisogeza mpaka ikakaribia kabisa uso wa diski, halafu nikazungusha kwa mkono. Nafasi ikafunguka, ikafungwa, ikafunguka, ikafungwa. Diski ilikuwa inayumba. Mtu akiendesha bila hata kugusa breki, ule upande ulioinuka unasugua pedi kila mzunguko, safari baada ya safari, mpaka unakuwa mwembamba kuliko mwingine. Siku akikanyaga breki pale mteremkoni, pedi zinakutana na nene, nyembamba, nene, nyembamba, na usukani unaruka mikononi mwake. Kuichonga kwenye leithi kuliinyoosha kwa muda tu, kwa sababu uliirudisha juu ya rangi ileile, na ukaongeza nyingine.

Nikaikwangua yote. Brashi ya waya, halafu msasa, mpaka habu ikang'aa. Ile diski ilikuwa imekuwa nyembamba mno, nikamwambia Mzee Nzioka anunue mpya, za pande zote mbili. Nikasafisha kila mahali zinapokaa, nikapaka grisi pini za kalipa ili pedi ziachie vizuri, nikakaza nati kama ulivyotufundisha. Nikazungusha tena na ule waya. Nafasi haikubadilika. Nikamwambia aende Athi arudi, na akifika chini breki zikiwa moto asikae amezikanyaga, aziachie zipoe. Alirudi, akashuka garini. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Kumbe haikuwa yule kijana," akasema.

Haikuwa yule kijana.

Kesho yake nikapanda gari la kwenda Mtito Andei. Nilimkuta Kioko kando ya tairi la lori, amekonda, ana ndevu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama juani. Hakuacha kazi yake. Aliendelea kuchomoa tairi kwenye rimu mpaka nikamaliza, halafu akasema, "Nilimwambia." Alikuambia siku ileile, Nau. Alikuonyesha ile rangi kwa kidole. Nawe ukamjibu kwamba gereji ina fundi mmoja, na ukatoa mfuko wa sukari.

Bado nilikutetea. Nilimwambia pengine hukuelewa, pengine ulikuwa umekasirika tu, unamjua baba. Nilirudi Emali nikiamini hivyo, na ningeendelea kuamini kama gari la kanisa halingekuwa hapa likingoja pedi. Lile ulilifanyia breki wewe mwenyewe muda mfupi kabla ya ugonjwa, Kioko akiwa ameshaenda zamani. Nikalifungua.

Habu ilikuwa safi. Imesuguliwa kwa msasa, inang'aa. Alama yako ya buluu ilikuwa nyuma, kwenye mkono wa kalipa, mahali ambapo haigusi chochote.

Nikafungua teksi ya jirani, ambayo pia uliifanyia baada ya Kioko. Hivyohivyo. Habu safi, alama nyuma.

Ulijua. Ulimsikia mwanao, ukaenda ukatazama, ukaona anasema kweli, ukarekebisha. Ulifuata maneno yake kwa kila gari lililokuja, na hukumwita. Mtito Andei si mbali, magari yanapita hapa mlangoni kutwa nzima, ungemtuma dereva yeyote na neno moja tu. Kila Jumapili mchungaji aliuliza habari za Kioko, ukatikisa kichwa kwa masikitiko. Nilikaa nyuma yako nikiona shingo yako. Ulikuwa unajua, na ukatikisa kichwa.

Sijui nikuite nani tena. Nilidhani nimekasirikia mtu aliyekosea. Fundi yeyote hukosea, mimi pia nitakosea, hilo si neno. Lakini ulipata ukweli ukautumia kwa ajili ya chuma, ukamnyima mtoto wako. Ulitaka jina lako libaki safi Emali, na lilibaki. Mazishi yako yalijaa. Wote walikusifu, fundi mwaminifu, na mimi nilisoma historia ya maisha yako kwa sauti, nikasoma kwamba ulikuwa mtu wa kweli. Kioko naye alikuwa kando ya barabara anaziba matairi, watu wa nyumbani kwake wakimwita mtoto aliyelaaniwa.

Nilimtumia ujumbe kwa dereva, nikamweleza habari za gari la kanisa, nikamwomba arudi tufanye kazi pamoja. Jibu lake lilikuwa fupi. Alisema atarudi siku ambayo yaliyosemwa kanisani yatasemwa upya, palepale, mbele ya watu walewale. Nilienda Kanyangi nikamwambia mama. Alilia, akaniambia marehemu haanikwi mbele za watu, nikutunzie heshima. Nilimwuliza heshima ya Kioko inatunzwa na nani. Akaenda kukama mbuzi.

Kwa hiyo, Nau, nakuaga na ninakuahidi. Jumapili wakiita ushuhuda nitasimama pale uliposimama. Nitasema kwamba Kioko hakuharibu gari la mtu, kwamba aliona kosa kabla yetu sote, na kwamba baba yangu alilijua hilo akanyamaza mpaka akafa. Nitataja jina lako lote. Mama atasikia huko Kanyangi, lakini nitasema. Pumzika kama unaweza. Kioko akikubali kuja baada ya hapo, nitamleta Kanyangi, asimame kaburini kwako kwa muda anaoutaka yeye. Asipokubali, nitakuja peke yangu nikuambie kwamba alikataa, na hilo utabaki nalo wewe.

Binti yako,
Mumbua