Vidonge Vinne, Vifua Viwili

Jumatano. Upepo wa Isiolo umetulisha vumbi tangu asubuhi, lakini sina hata nguvu ya kuukasirikia. Hasira zote za leo ni juu yangu mwenyewe.

Makohozi yangu bado yana TB. Mwezi wa tano huu wa dawa! Sista wa kliniki aliangalia kadi yangu iliyojaa alama, akaniuliza kama nimekuwa nikimeza dawa zote. Nikasema ndiyo. Hata nikaapa.

Ukweli ni huu. Mimi na Akiru tulitoka Baragoi pamoja kutafuta kazi, tukapanga chumba kimoja hapa mtaa wa Bulla Pesa. Mimi naosha vyombo hotelini, yeye anauza makaa. Siku niliyoanzishiwa dawa niliulizwa naishi na nani, ili naye apimwe. Nikasema naishi peke yangu. Niliogopa watu wa kliniki wafike kwa ploti tunapopanga, mwenye nyumba ajue, atufukuze wote wawili.

Halafu Akiru akaanza kukohoa.

Sisi hatujawahi kula bila kugawana. Chai, sabuni, godoro, kila kitu ni chetu. Basi kila asubuhi nikawa natoa vidonge vyangu vinne: viwili vyangu, viwili vyake. Nilijiona mtu mzuri sana! Mkojo wake ukawa mwekundu kama wangu, tukacheka, tukasema sasa dawa imeshika. Ujinga gani huo, jamani? Leo sista ameniambia kwamba anayemeza dawa nusu anaufundisha ugonjwa kuizoea dawa. Nitapimwa upya. Pengine nitahitaji dawa kali zaidi, za muda mrefu.

Nilitoka pale nimeamua: namshika Akiru mkono, tunaenda kliniki, mwenye nyumba afanye atakalo.

Nimekuta chumba kitupu. Jirani anasema Akiru alitema damu asubuhi, akaogopa kufia ugenini, akapanda gari la kwenda kwao. Simu yake haipatikani.

Nimekaa mlangoni naandika haya. Kesho mapema narudi kwa sista. Nitamwambia jina la Akiru, kijiji chao na uongo wangu wote, anitukane akitaka. Kule nako kuna watu wa afya, watamtafuta.

Lakini yeye atafika leo. Mama yake ana chumba kimoja tu, na watoto wawili ambao Akiru alimwachia hawajamwona tangu mwaka jana. Najua hawatakubali kulala mbali naye.