Sosi ya Dampling

Mama yangu, shikamoo.

Nisamehe, miezi miwili sijakuandikia. Raudha haniachi nilale, nikishika kalamu nasinzia. Ameota meno mawili na ananing'ata nikimnyonyesha.

Tangu nijifungue presha yangu iko juu, na wiki iliyopita nilianguka jikoni. Usilie, kosa nimeshalijua. Mkweo Twalib akitoka kiwandani hapa Chang'ombe huniletea dampling, zile sambusa laini za Kichina. Za kukaanga niliziacha kwa ajili ya mafuta, nikawa nakula za mvuke. Presha ikagoma kushuka. Nesi wa kliniki akaniuliza, "Mama Raudha, unachovya kwenye nini?"

"Sosi nyeusi. Mie naimwaga bakuli zima, maana za mvuke hazina ladha."

Akacheka. "Umekimbia mafuta, ukaenda kujijaza chumvi!"

Sasa dampling nakula, sosi siigusi, dawa nameza, na juzi presha imeshuka. Huyu mtoto nitamlea mwenyewe mpaka aolewe.

Achari yako usitume, naujua mkono wako wa chumvi. Bado nahitaji ndimu, tangawizi, pilipili mbichi, na mdogo wangu Salma kwa wiki mbili, nilale.

Mwanao,
Somoe