Mama Mkwe Anadhani Kitabu Changu cha Mageuzi ni cha Wokovu

Mshauri Kaveke, nishike mkono kabla Jumamosi haijafika, maana nimejichimbia shimo na sioni pa kutokea.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia na pia naandika vitabu vya sayansi kwa Kiswahili rahisi, vile mama mboga au mtu wa boda anaweza kusoma akaelewa, na kitabu changu cha pili kinaeleza vile viumbe vimebadilika kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka mpaka tukapatikana sisi binadamu, na wiki jana kwa furaha nikaandika Facebook, "Habari njema! Kitabu changu cha mageuzi kimetoka. Karibuni uzinduzi Jumamosi hapa Kitengela," na hapo ndipo moto uliwaka, kwa sababu mama ya bwanangu, Mama Makokha wa Kisaju, kiongozi wa akina mama kanisani, alisoma "habari njema", akasoma "mageuzi", akaamua nimeokoka.

Tangu niolewe huyu mama ananiita "huyo mwalimu", lakini siku hiyo alinipigia simu akilia, "Amolo mwanangu, nimefunga na kuomba, sasa Mungu amekugeuza!" Nilifungua mdomo nimweleze, lakini Mshauri, hajawahi kuniita mwanangu, nikajisikia nikisema, "Amina, mama."

Kutoka hapo mambo yamekimbia, ametuma tangazo kwa kikundi cha wasap cha kanisa, amealika askofu aje aombee vitabu, kwaya nzima imeshona sare, na juzi ameniuliza ushuhuda wangu utakuwa mrefu kiasi gani, ushuhuda, na mimi niko na picha za mafuvu za kuonyesha kwa projekta! Nikimwuliza bwanangu Makokha anacheka tu: "Nyamaza. Wakuje wakule kwanza. Mtu ameshiba pilau hawezi kukasirikia nyani." Nikisema ukweli nitampoteza, nikinyamaza nitamwaibisha mbele ya askofu wake. Nifanye nini?

Amolo, Kitengela

*

Amolo, nimecheka mpaka chai ikanipalia, halafu nikakukasirikia.

Wewe unaweza kueleza mamilioni ya miaka lakini sentensi moja kwa mama mkwe imekushinda? Sawa, neno lenyewe lina lawama. Hapa Kenya mageuzi ni ya katiba, ya chama, ya kilimo, hata ya mlevi aliyeacha pombe. Mama wa watu angejuaje yako ni ya nyani? Lakini ile "Amina" ni yako peke yako. Ulipokea baraka za mtu mwingine kama parseli iliyoletwa mlango usio wake, na badala ya kuirudisha ukaifungua. Naelewa. Kupendwa na mama mkwe ni kitu kitamu. Ila huyu anampenda Amolo ambaye hayuko.

Bwanako mpuuze. Akina mama wa kanisa wakishiba pilau ndipo wanapata nguvu ya kukemea mapepo. Wala usiahirishe uzinduzi. Kitabu chako si cha kuficha chini ya godoro.

Kesho nenda Kisaju, wewe mwenyewe, na usijifiche nyuma ya simu. Keti naye umwambie: "Mama, sijaokoka. Kitabu kinasema viumbe hubadilika, na sisi tumo. Nilisema Amina kwa sababu uliniita mwanangu." Halafu funga mdomo. Usimfundishe! Hakuna mtu amewahi kumshinda mama mkwe kwa fuvu. Akilia, mwache alie. Akikufukuza, toka polepole. Lakini akiujua ukweli mbele ya askofu, utakuwa umemvua nguo sokoni, na hilo hata mimi sitakusaidia kulirekebisha. Askofu mwachie yeye. Aliyemwalika ndiye atamwambia.

Nilikuwa nimemtumia Amolo jibu hili kwa simu, na kabla ukurasa haujaenda kuchapwa akanipigia. Alienda.

Anasema Mama Makokha aliendelea kuchambua sukuma wiki mpaka sinia ikawa tupu. Kisha akauliza, "Kwa hivyo mimi nimezaliwa na nyani?"

"Hapana, mama. Sisi na nyani tulitoka kwa mababu wamoja, zamani sana."

"Upande wetu ama upande wenu?"

Amolo alishindwa kujizuia, akacheka. Mama naye akajifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika, na Amolo hakujua kama ni kilio mpaka leso iliposhuka.

"Umeniudhi," mama akasema. "Umeniudhi sana. Askofu nitamwambia asije, lakini kwaya itakuja, nguo zimeshashonwa. Tutaimba, wewe utasema mambo yako, na mimi nitafunga hafla kwa maombi, mtu asitoke hapo amepotea."

Amolo akashukuru, akasimama, akachukua mkoba na kile kitabu alichokuwa amekuja nacho.

"Hicho kiache hapo mezani," mama akamwambia. "Siwezi kukemea kitu sijasoma."