Msuli Usio na Mwenyewe

Otonglo, Jumapili baada ya kanisa

Kwako Baba Achieng,

Barua hii ikukute mzima, wewe na wote wa boma, hata yule ng'ombe wa kwato mbovu. Sisi tupo. Achieng ameota jino la tatu na ananiuma akinyonya. Mimi kope bado zinaanguka jioni, na taya zinachoka kabla sahani haijaisha.

Uliniuliza kama nimepona tangu nitoke huko. Sijapona. Miezi minne nakula kwa dada yangu, hakuna jicho la huko linaloniona, na nyama bado naisukuma na kidole. Jambo hilo limenisumbua sana.

Pale maabara ninapoosha chupa, Bwana Odhiambo anayepima damu aliniona nikiinua kope kwa mkono. Akaniambia nitazame dari bila kushusha macho. Kope zikajifunga zenyewe. Akasema kuna njia ya kujua, anataka damu yangu, na ya mtoto pia, aone kama imemfikia.

Wewe unajua nilifika darasa la saba. Kwenye friji yake nilisoma kichupa kimeandikwa kwa Kiingereza: msuli wa binadamu. Nikaweka brashi chini. Nikamwuliza huyo binadamu ni nani, na kama watu wake walimzika akiwa kamili.

Akacheka. Mimi sikucheka. Akaeleza kwamba msuli una kitu kama sikio, la kusikia mshipa wa fahamu ukisema vuta. Hilo sikio ndilo lililo kichupani. Wanachukua maagizo ya mwili wa mtu, wanayatia kwenye chembe hai zinazokuzwa ndani ya chupa, nazo zinalitengeneza. Hakuna aliyekatwa. Damu yangu ikilikamata, basi ni damu yangu yenyewe inayoyapiga masikio ya misuli yangu.

"Na maagizo yalitoka kwa nani?"

Akafunga friji. "Mtu fulani, Mama Achieng. Jina lake mimi sijui."

Hapo nikamwamini kidogo, kwa sababu alikubali hajui. Nikatoa damu yangu, kichupa kimoja, akaandika jina langu nikiona. Ya mtoto nilikataa. Odhiambo amerudi kuiomba mara tatu, mara ya mwisho na peremende, na mtoto ana meno matatu tu. Sasa nikienda kazini namwacha kwa dada.

Majibu yamekuja. Damu yangu inakamata. Daktari amenipa vidonge. Nikimeza kabla ya kula, natafuna samaki mpaka mkia. Bado kila kimoja nakinusa kwanza.

Sasa mama yako. Mimi ndiye niliyesema ana sihoho, kwamba akikutazama ukila, chakula kinakuharibikia. Mimi ndiye niliyetaka ale peke yake nyuma ya ghala, na wewe ukakubali ili nisiondoke. Nikaondoka hata hivyo.

Maneno ya Odhiambo sijayaamini yote. Ya kwangu pia siyaamini tena. Rudisha kigoda chake jikoni leo, usiningoje.

Msalimie shemeji anayeshona nyavu, na wifi aliyenibebea Achieng siku ya safari. Mama mwambie mjukuu ana paji lake la uso. Mwambie na hili, usipunguze neno: nikifika nitaketi mbele yake, nitakula akinitazama mpaka sahani iishe. Vidonge siku hiyo nitameza mbele yake pia, asije akadhani namficha kitu.

Ni mimi mke wako,
Mama Achieng