Mtoto Amebaki kwa Baba Yake

Lumemo, Ifakara
16 Julai 2024

Mpendwa Shangazi Restituta,

Shikamoo. Natumaini hapo Tabora mnaendelea vizuri na mguu wako umepata nafuu. Sisi tupo. Mpunga umeshaingia ndani, ila nyumbani hakuna amani. Mambo haya hayasemeki kwenye simu, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Najua kaka Theodori alikupigia, akasema ndugu yetu Evod amechanganyikiwa tangu afiwe na mkewe, nawe ukasema Luciana apelekwe Mlimba kwa bibi yake. Shangazi, Evod hajachanganyikiwa. Analea mwanawe. Anamwogesha, anambeba mgongoni kwa kanga wakienda shamba, na kusuka amejifunza kwangu mpaka mistari inanyooka. Watu wakimkuta barazani anamsuka mtoto wanacheka, wanamwita Mama Luciana. Aibu imemla Theodori kuliko Evod mwenyewe.

Jumamosi alifika Bibi Ursula, mama wa marehemu, tukaketi kikao.

"Mtoto wa kike halelewi na mwanaume," alisema. "Akivunja ungo atamwambia nani?"

Theodori akamuunga mkono. Mimi nilipofungua mdomo niliambiwa nikaangalie chungu jikoni. Evod aliulizwa ana neno gani, akatazama chini tu. Unakumbuka marehemu baba alivyowalea wavulana: ukilia kwa fimbo ya kwanza, unaongezwa ya pili. Evod alizoea kumeza kila kitu. Kikao kikauchukulia ukimya wake kuwa amekubali.

Nilifungasha nguo za mtoto. Bodaboda ikaja kuwapeleka stesheni. Bibi Ursula alipanda, akampakata Luciana. Mtoto hakulia. Alikuwa anamwangalia baba yake.

Dereva alipowasha, Evod alitoka akashika usukani wa pikipiki. Alilia mbele ya majirani wote, wala hakujifuta.

Theodori akamwambia kwa sauti ya chini, "Acha. Unatuaibisha. Kuwa mwanaume."

"Mama yake nimemzika," Evod akasema. "Huyu siwezi kumtoa."

Bibi Ursula alimwambia dereva azime. Akamgeukia mkwewe.

"Siku ya mazishi hukutoa hata chozi," akasema. "Nilirudi Mlimba nikijua mwanangu hakupendwa."

"Sikujua kama naruhusiwa, mama."

Akashuka, akamrudishia mtoto mikononi. Alilala kwetu siku tatu. Walikubaliana Luciana atakwenda kumwona Krismasi, na leo asubuhi ameondoka peke yake.

Lakini Theodori hajatulia. Evod akimwamkia haitikii. Anasema kikao kilishaamua, na kwamba wewe ndiye mkubwa wetu na neno lako liko palepale. Anataka kuita kikao kingine Jumapili, na safari hii mtoto aondoke hata baba yake akilia mpaka kesho yake. Evod amesikia. Tangu jana shambani haendi, hatoki nje bila mtoto.

Barua hii naituma kwa basi la kesho ikuwahi. Nakuomba, Shangazi, mpigie Theodori kabla ya Jumapili. Usimpigie Evod, hajui kama nimekuandikia. Theodori aambiwe na wewe mwenyewe kwamba neno lile umelifuta. La kwangu halisikii.

Wasalimie binamu Silvano na dada Agnetha, na watoto wote. Mungu akulinde na akupe nguvu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye siku zote,
Agnella