Vigae vya Mchanga wa Nyangwe

Baba yangu,

Miezi mitano imepita tangu tukuzike, na bado sijalia. Nakuandikia kwa kuwa ubishi wetu ulibaki nusu, nami, unanijua, siachi ubishi nusu.

Ule mchanga wa kando ya mto, tulipofungia mitumbwi, sasa ni mahali pa starehe. Wazungu huja kwa motokari kutoka Kasongo, na watalii kutoka mbali zaidi. Wanaoga, wanalala juani. Pale Mama alipokuwa akianikia samaki pamejengwa vibanda vya kubadilishia nguo. Wavuvi wamehamishiwa kule penye mawe. Mimi, karani, ndiye niliyewasomea amri hiyo. Sauti yangu haikutetemeka.

Kisha bwana wa teritwari, mzungu anayetawala wilaya yetu, akaniagiza niandike historia ya mahali hapo, ukurasa mmoja wa kuwapa wageni. Nikaandika kwa Kifaransa safi kwamba soko la kale la Nyangwe lilikuwa juu, penye nyumba za Waarabu, na kwamba mchanga ulikuwa mtupu. Ndivyo vitabu visemavyo. Ndivyo nilivyokubishia ungali hai, nawe ukicheka: "Weye mwenye diploma! Kitabu iko na miguu? Ilifika huku siku gani? Mie nilikaa hapa chini na mama yangu. Tulitoa samaki, tukapata chungu. Chungu ikivunjika, hakuna mutu alibeba vipande."

"Kumbukumbu ya mtoto si ushahidi," nilikujibu. Wiki ile ile ukaugua.

Siku ya mazishi shangazi alitaka kuweka chungu kilichopasuliwa juu ya kaburi lako, kama desturi ya wazee. Nilimkataza. Nilisema ni ushamba.

Jumatatu hii mtalii alikatwa unyayo na kitu kilichofukiwa mchangani, tukaamriwa kupasafisha. Baba, vilitoka vigae vya vyungu, kapu baada ya kapu, vingine bado na masizi. Nikaamuru vitupwe mtoni, vikatupwa. Kwenye kapu la mwisho ndipo nilipoelewa ninatupa nini: vile vipande ambavyo hakuna aliyevibeba. Nimebaki na kigae kimoja. Kiko hapa mezani, kimekandamiza ukurasa wangu.

Nimeuandika upya. Soko lilikuwa hapa chini, na aliyeliona ametajwa kwa jina: wewe. Kesho naupeleka. Bwana akilifuta jina lako nitabishana naye kama nilivyobishana nawe, hata kazi ikiniponyoka. Mtumbwi wako ungalipo; nitavua samaki.

Pumzika, Baba, umenishinda. Jumapili nitakuja na shangazi. Chungu atakiweka yeye; kigae hiki, nakuahidi, nitakiweka mimi.

Mwanao.