Kanuni Niliyoifuta

Kwako Anti,

Nakusalimu kwa salamu ambazo bahasha hii haitazitosha. Mgongo unaendeleaje, na baba kikohozi kimemwachia? Mimi sijambo, tena zaidi ya sijambo. Hii ni wiki ya sita ya ndoa, na bado nikisikia funguo za mume wangu mlangoni natua sufuria nikimbilie kioo. Cheka tu.

Uliuliza kazi yake hasa ni nini. Anaifundisha kompyuta ya hospitali udugu, ili mgonjwa akizidiwa ijulikane nani wa kuitwa. Haiandikiwi kila kitu; inapewa kanuni chache, mengine inayafikia yenyewe. Ukishaiambia kwamba dada wa baba ni shangazi, itawatafuta mashangazi wote bila kutumwa. Nilimwambia mashine hiyo ina umbea, akacheka hadi chai ikamwagikia shati nililolipiga pasi kwa mapenzi yangu yote.

Jumamosi akaijaribu kwa ukoo wetu. Nikamtajia baba, marehemu mama aliyenizaa, na wewe, mke wa baba. Kompyuta ikajibu kwamba wewe na marehemu ni mtu mmoja.

Mume wangu aliomba radhi, akaeleza kwamba ameipa kanuni mbili: mke wa baba ni mama, na kila mtu ana mama mmoja. Ilipokuta mama wawili, ikawaunganisha. Moja ilikuwa lazima ifutwe. Akaninong'oneza, "Ukoo ni wako, mpenzi. Chagua wewe," akanipisha kwenye kiti chake.

Anti, nina la kuungama. Miaka kumi na mmoja umenisuka nywele kila Jumapili, nami nakuita Anti. Siku ya harusi, mama wa bibi harusi alipoitwa mbele, ulibaki umekaa ukinitazama, na mimi nikainamia maua yangu. Nilijua unangoja nini. Niliogopa kwamba nikikuita hivyo, yule wa kwanza atafutika.

Nimeifuta ile ya mama mmoja. Kompyuta ikawaandika wawili, kila mmoja kwa jina lake, na hakuna aliyefutika. Mume wangu aliniuliza nalia nini. Nikasingizia vitunguu, na jikoni hakukuwa na hata kimoja.

Mwisho wa mwezi tunakuja. Msalimie baba, umwambie mkwewe anakula vizuri. Nikibisha hodi, usikimbilie kufungua. Sikiliza kwanza nitakavyokuita. Nafanya mazoezi kila siku nikiosha vyombo.

Ni mimi,
Mwanao